Alama za hatari bila mtambo wa picha ni kazi nusu

MKAZI wa Bondeni akikimbizwa usiku Hospitali ya Rufaa ya Pwani kwa maumivu ya kifua, wengi hudhani ni moyo. Ni nadra iwe mshipa mkuu wa damu umechanika. Lakini ikiwa ndivyo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumwua.

Mwaka 2010, wataalamu wa Marekani walipendekeza dalili zihesabiwe kwa alama, kuanzia 0 hadi 3. Utafiti uliochapishwa 2018 ulijaribu alama hizo, pamoja na kipimo cha damu, kwa wagonjwa 1,850 katika nchi nne. Asilimia 13 walikuwa na maradhi hayo. Hao, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kushukiwa na madaktari.

Foleni ya kawaida si hiyo. Tuseme katika wagonjwa 1,000 wa kifua, watatu tu ndio wamechanika mshipa. Alama zikikosea kwa mmoja katika kila kumi walio salama, takriban 100 watatakiwa kupigwa picha ya CT bure. Nani atangulie? Nani alipe?

Kupima presha katika mikono yote miwili, walau, hakuhitaji mtambo.