Si Kila Barabara ya Udongo Inangoja Lami

Kuna imani iliyoota mizizi nchini Kenya, kuanzia jukwaa la kampeni hadi kibanda cha chai, kwamba barabara ya udongo ni barabara ambayo haijamalizwa. Penye lami pana maendeleo. Pasipo lami watu wamesahauliwa. Mgombea akitaka kupigiwa makofi huahidi kilomita za lami, na wanaopiga makofi hawaulizi zitapita wapi. Naipinga imani hiyo. Naipinga hasa inapofika ukingoni mwa msitu, maana huko imetugharimu mengi na iko mbioni kutugharimu zaidi.

Niseme mapema nisilolipinga. Barabara ya hospitali, ya soko na ya shule iwekwe lami hata kesho. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hastahili kukokotwa matopeni, wala mkulima wa viazi wa Kinangop hastahili kuona magunia yakioza kwa kuwa lori limekwama. Atakayedai kwamba nataka watu wa mashambani wabaki vumbini ili watu wa mjini wapate pa kuchezea atakuwa amenisingizia. Ninazozitetea ni njia nyingine kabisa: zile zinazopinda ndani ya misitu ya Kereita, Kinale na Kieni, kusini mwa milima ya Aberdare, katikati ya mitarakwa, mianzi na misonobari ya kupandwa. Njia hizo hutumiwa na wachungaji, wanawake wanaotoka kuokota kuni, walinzi wa misitu na, siku hizi, waendesha baiskeli.

Hao waendesha baiskeli ndio mashahidi wangu. Baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume, breki za diski, na tairi pana la milimita 40 au 50 ambalo halijazwi upepo hadi likakaza. Upepo ukipunguzwa, tairi hulala kidogo juu ya mawe na kushika udongo badala ya kurukaruka. Ukiwa juu yake kwenye njia ya msitu asubuhi, kabla jua halijakausha umande, unasikia mbega wakikohoa mitini, unanusa majani yaliyooza na moshi wa mbali, na macho hayabanduki njiani, kwa sababu kila kona ina mzizi, korongo au ng'ombe. Hakuna matatu inayokusukuma pembeni. Anayeendesha baiskeli kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru anajua thamani ya jambo hilo, kwani kila lori linalompita linamkumbusha mauti.

Watu wa nchi tajiri wameligundua hilo, na wanalipa ili walipate. Mji wa Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, ni mji mdogo uliozungukwa na nyasi na malisho ya ng'ombe. Mwaka 2006 baadhi ya wapenzi wa baiskeli walianzisha hapo mashindano ya maili 200, yaani kilomita zaidi ya 320, kwenye barabara za mawe makali ambazo hakuna aliyezionea fahari. Walioanza siku ile hawakufika 50. Leo mashindano hayo, yaitwayo Unbound Gravel, huleta maelfu ya washiriki kila mwaka, na wenye vyumba, mikahawa na karakana za mji huo huvuna. Barabara ni zilezile za mawe.

Italia wamekwenda mbali zaidi. Katika vilima vya Toscana, karibu na Siena, kuna barabara nyeupe za changarawe zinazopita katikati ya mizabibu. Zilipoanza kumezwa na lami, Giancarlo Brocci alianzisha mwaka 1997 matembezi ya baiskeli za kizamani yaitwayo L'Eroica huko Gaiole in Chianti, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuziokoa barabara hizo. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, yakazaliwa mashindano ya wanariadha wa kulipwa ambayo sasa huitwa Strade Bianche. Mabingwa wakubwa wa baiskeli duniani huja kugombania ushindi wakiwa wamepakaa vumbi jeupe kuanzia kope hadi viatu.   Huko Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, zaidi ya nusu ya barabara zote za jimbo hazina lami, na hakuna mwenyeji anayeambiwa kwamba kwa hiyo yeye ni mshamba.

Nataja Vermont kwa uchungu. Ni huko, Agosti 2022, ambako Suleiman Kangangi, Mkenya aliyejulikana kwa jina la Sule, alifariki akiwa katika mashindano ya changarawe. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa nahodha wa Timu Amani, inayowaunganisha waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, na mwaka 2017 alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya kuzunguka Rwanda. Sule na wenzake waliona kitu ambacho wanasiasa wetu hawajakiona: kijana wa Afrika Mashariki anapata taabu kupenya katika mashindano ya lami ya Ulaya, ambako timu zimeshikana na viza ni shida, lakini kwenye vumbi na mawe yupo nyumbani. Mwaka 2021 timu hiyo ilikuwa nguzo ya mashindano ya siku 4 katika eneo la Maasai Mara, Migration Gravel Race. Wageni walipanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuendesha baiskeli kwenye barabara ambazo sisi huziombea radhi.

Nasikia mtu akisema huu ni mchezo wa Wazungu. Hoja hiyo haina mashiko. Baiskeli za Black Mamba zilibeba maziwa, kabichi na wagonjwa kwenye njia hizohizo kabla mtu yeyote hajafikiria kuuza baiskeli maalumu ya changarawe. Ukisimama Soko Mjinga utawaona wanaume wakiteremka na mizigo ya viazi kwenye keria, wakishika breki kwa ustadi ambao hakuna kocha aliyewafundisha. Na Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi na kuanza kuiva kwenye vijia vya Kikuyu, akimfuata David Kinjah, ambaye kwa miaka mingi amewafunza watoto wa eneo hilo kuendesha na kutengeneza baiskeli. Vijia vile vilikuwa darasa lake. Lami alikutana nayo baadaye. Ni kweli kwamba baiskeli mpya ya changarawe ni ghali mno kwa mkulima au kijana asiye na ajira, na hilo linafaa kupiganiwa kwenye ushuru. Lakini bei ya baiskeli haibadilishi ukweli kwamba njia ni yetu na ustadi ni wetu.

Sasa nifike kwenye kiini, yaani madhara ya imani yenyewe. Barabara ya udongo haiharibiwi na kuwa ya udongo. Huharibiwa na maji. Ikiwa na mgongo katikati, mitaro iliyo wazi pembeni na kalvati zisizozibwa na takataka, maji hutiririka nje na njia hudumu. Mtaro ukiziba kwa msimu mmoja wa masika, maji hugeuza barabara kuwa mto, na msimu wa pili unakuta bonde. Kazi ya kuzuia hayo ni ya jembe, sepetu na toroli. Tuliijua vizuri: mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliojenga maelfu ya kilomita kwa nguvu za wanavijiji wenyewe, waliolipwa ujira kwa kazi hiyo. Kisha ikaja ahadi ya lami kila mahali. Kwa nini mtu azibue mtaro wa barabara ambayo, wanavyodai, mwakani itawekwa lami? Mwakani haifiki, na barabara inakufa ikingoja. Kwa hiyo imani kwamba udongo ni aibu ndiyo inayoleta aibu yenyewe. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapo pia wahifadhi wanaotaka baiskeli zisiingie msituni kwa kuwa tairi huchimba udongo. Nawaheshimu, maana wana nia njema, lakini ushahidi hauwaungi mkono kwa kiasi wanachodhani. Mwaka 1994 watafiti Wilson na Seney walichapisha matokeo ya kupima njia za milimani huko Montana, Marekani. Walilinganisha waenda kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli, na wakamwagia njia mvua ya bandia. Farasi na watu wa miguu ndio walioacha udongo mwingi zaidi tayari kuchukuliwa na maji. Mteremko na unyevu ndio mambo ya kuchungwa: njia isipande wima kuelekea kileleni bali ikate ubavu wa mlima, na ifungwe wakati wa mvua kubwa. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 hadi akajeruhiwa, una njia za baiskeli, na msitu umezidi kunawiri. Kwa nini? Kwa sababu watu wanaokwenda humo kila wiki ndio wa kwanza kupiga kelele mti ukiguswa.

Kinachotisha msitu ni lami. Barabara laini huongeza kasi, kasi huua wanyama, na lori linalopita bila kukwama hubeba magogo bila kukwama. Upo mpango wa kuweka lami barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Aberdare. Ihithe ni kijiji alichozaliwa Wangari Maathai. Wanaoutetea mpango huo wanasema safari kati ya Nyeri na Nyandarua itakuwa fupi, na hawadanganyi. Lakini milima ile ndiyo inayolisha mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayoinywesha Nairobi, na kupunguza mwendo wa gari kwa saa moja au mbili si sababu ya kupasua chanzo cha maji ya mamilioni ya watu. Wananchi wamelipeleka suala hilo mahakamani, na wamefanya haki. Sidai waendesha baiskeli wapewe njia ile ya hifadhini. Nadai iachwe ilivyo.

Ninachoziomba kaunti za Kiambu, Nyeri na Nyandarua, pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, ni jambo linaloweza kuanza mwaka huu wa bajeti. Chapisheni orodha ya barabara za msituni ambazo hazitawekwa lami kamwe. Zitengeeni fedha za matengenezo, hata kidogo, mradi zije kila mwaka, na wapeni kazi hiyo vijana wa vyama vya jamii vya misitu, ambao tayari wanazijua njia hizo kona kwa kona. Ada ya baiskeli langoni ibaki kwenye msitu uliotozwa, iwalipe hao wanaozibua mitaro. Wekeni vibao. Ruhusuni mashindano madogo ya vijiji, ambayo mtoto mwenye baiskeli ya baba yake anaweza kushiriki bila kudaiwa ada asiyoimudu.

Nawe msomaji, kampeni zitakaporudi kijijini kwenu na mtu akasimama juu ya gari kuahidi lami ndani ya msitu, usipige makofi. Muulize mtaro wa barabara iliyopo utazibuliwa lini, na na nani.