Petroli si petroli: gereji za Bukavu zinangoja kitabu chetu

Kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Dar es Salaam au Nairobi kikimwambia mwenye pikipiki "changanya petroli na oili", msomaji wa huko hana swali. Petroli kwake ni mafuta ya kuendeshea magari na pikipiki. Mpe sentensi hiyo hiyo mkaaji wa Kadutu. Kwake petroli ni mafuta ya taa, kwa sababu neno tulilipokea kutoka Kifaransa, ambako watu waliitumia pétrole kuwashia taa. Yale ya pikipiki sisi tunayaita esanse, na hata kuna sehemu ya Ibanda inayoitwa Essence. Akikitii kitabu neno kwa neno, atamimina mafuta ya taa ndani ya tanki. Injini itakataa kuwaka, au kama ilikuwa bado ya moto, itazunguka kwa moshi mwingi na kugonga ndani. Sarufi ya sentensi haina kosa, na pikipiki imeharibika.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu hoja yangu ni ya lugha. Mtu anayeanza kumiliki na kutunza pikipiki ya mapigo mawili hapa Bukavu hukosa maneno kabla hajakosa vyombo. Na maneno ndiyo kazi ya kitivo chetu. Naona tuna wajibu wa kumwandikia kitabu, na tuna uwezo wa kukiandika.

Tuelewane kwanza juu ya chombo chenyewe. Katika injini ya mapigo mawili, pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, na katika kila mzunguko wa kranki kuna mlipuko mmoja. Injini ya mapigo manne huhitaji mizunguko miwili ili ipate mlipuko mmoja. Wafaransa huhesabu "temps", Waingereza huhesabu misukumo ya pistoni. Kiswahili kina neno pigo, ambalo ni la ngoma, la moyo na la nyundo, nalo linatosha kwa yote mawili. Injini hii haina vali za juu kama zile za mapigo manne, vipande vyake ni vichache, ni nyepesi, na nguvu yake huja haraka.

Ndiyo maana ilishika mchezo wa trial, ule ambao mwendeshaji hupanda miamba na mizizi bila kugusa chini kwa mguu. Mwaka 1965 Sammy Miller wa Ireland ya Kaskazini alishinda mashindano ya siku 6 ya Uskoti kwa Bultaco, pikipiki ya mapigo mawili iliyoundwa Hispania, na zile pikipiki nzito za Kiingereza za mapigo manne zikaanza kuachwa nyuma. Kwetu sisi kupanda mawe si mchezo, ni njia ya kwenda nyumbani. Aliyepanda Cimpunda baada ya mvua haitaji kuelezwa trial ni nini. Na pikipiki za mapigo mawili tulizozizoea, Yamaha AG100 na DT125, zilikuja na misheni, watu wa afya na mashirika ya misaada, kwa sababu zinafika mahali gari haliwezi.

Lakini wepesi huo una gharama. Chini ya pistoni hakuna bwawa la mafuta ya kulainisha kama katika injini ya mapigo manne. Hewa na esanse hupita kwanza katika chumba cha kranki kabla ya kupanda kuungua, kwa hiyo mafuta ya kulainisha lazima yasafiri pamoja na esanse, yalainishe njiani, kisha yaungue. Yamaha waliweka pampu ya kufanya kazi hiyo, waliyoiita Autolube, tangu miaka ya 1960. Swali la kwanza la mnunuzi wa pikipiki iliyotumika liwe hili: pampu bado inafanya kazi, au iliondolewa, na mwenyewe anachanganya kwa mkono? Ikiwa pampu ipo na kitanki chake kikauke, pistoni itashika. Ikiwa pampu haipo na mtu akatia esanse tupu, itashika vilevile. Tazama jinsi gereji inavyolisema jambo hilo: huchukua kitenzi cha Kifaransa serrer, hukivika viambishi vyetu, na kila mtu huelewa kwamba mfuko wa mwenye pikipiki umelia.

Mwaka huu mimi mwenyewe najifunza kutunza pikipiki ya namna hiyo, na kila somo nililopata lilikuwa pia somo la lugha.

Somo la kipimo. Fundi mmoja husema "mbili", mwingine "moja kwa hamsini", wa tatu "kifuniko kimoja". Wawili wa kwanza wanasema jambo lilelile: asilimia 2, yaani mililita 20 za huile katika lita 1 ya esanse, au mililita 400 katika bidoni ya lita 20. Wa tatu naye anajua anachosema, maana kifuniko anacho mkononi. Anayemsikiliza ndiye asiyejua ni kifuniko cha chupa gani, na kwa lita ngapi. Kiswahili sanifu nacho huongeza tatizo lake: mafuta ni esanse, mafuta ni huile, mafuta ni mawese ya jikoni. "Tia mafuta kwenye mafuta" ni sentensi safi isiyomfaa mtu yeyote. Tena kuna huile ya mapigo mawili, iliyotengenezwa iungue, na huile ya mapigo manne, isiyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zote mbili zinasimama kwenye rafu moja.

Somo la buji. Fundi aliniambia: "Mudogo, angaria buji mbele ya kufungula moteri." Mtu wa Mombasa angeshangaa, kwa maana kwake mbele ya ni mahali, si wakati, angesema kabla ya, na buji angeiita plagi. Lakini fundi alisema kweli tupu. Buji hueleza hali ya ndani bila kufungua chochote. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, huile au esanse imezidi. Ikiwa ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeupe kama majivu, esanse ni kidogo kuliko hewa, injini inapata joto kupita kiasi, na hatari iko karibu.

Somo la mlima, ambalo vitabu vya mbali haviwezi kutufundisha kwa mifano yetu. Bukavu iko kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa hapa esanse nyingi kuliko hewa iliyopo, na fundi hupunguza kwa kubadili gicleur, kile kipande chenye tundu dogo linalopima esanse. Sawa. Sasa mtu huyo ateremke Ngomo kwenda Kamanyola na kufika Uvira, chini ya mita 800. Hewa inakuwa nzito, tundu ni lilelile, mchanganyiko unakuwa mkavu. Na katika mteremko wenyewe, ikiwa huile imechanganywa ndani ya esanse, mwendeshaji aliyefunga gesi na kuiacha injini imzuie amefunga pia huile. Pistoni inazunguka kwa kasi bila kulainishwa. Dawa ni rahisi: fungua gesi kidogo kila baada ya muda mfupi, au kamata embrayage, hiyo klachi ya watu wa pwani, na utumie breki kwa akili. Sentensi moja ingeokoa pistoni. Sentensi hiyo haimo katika maandishi ambayo kijana wa Panzi anaweza kuyapata kwa lugha anayoota nayo.

Somo la vumbi. Wakati wa kiangazi chujio la hewa la sponji hujaa haraka. Lioshwe, likauke, lipakwe huile, likamuliwe, lirudishwe. Chujio likichanika au gamba lake lisipofungwa vizuri, mchanga huingia moja kwa moja mpaka kwenye silinda.

Hayo yote yanajulikana Bukavu. Yamo katika vichwa na mikono ya mafundi, yanasemwa kila siku kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani yake. Vitabu vya kiwanda vipo pia, kwa Kifaransa na Kiingereza, ila mara nyingi vilikwisha potea pikipiki ilipouzwa mara ya tatu. Mwanafunzi wa gereji hujifunza kwa kutazama. Njia hiyo ni nzuri kwa mkono, lakini haihifadhi namba, na haifiki kwa mwenye pikipiki ambaye hakai gereji. Yeye hubaki mtu wa kuambiwa bei. Asiyejua jina la kitu hawezi kuuliza kama kimebadilishwa kweli.

Najua pingamizi tatu zitakazotolewa katika kumbi zetu.

La kwanza: ufundi una lugha yake, nayo ni Kifaransa, wanafunzi wa gereji wajifunze Kifaransa. Na wajifunze, ni haki yao. Lakini pistoni haingoji mtu amalize masomo. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Lugha ya taifa isiyoweza kueleza mililita 20 itakuwa lugha ya hotuba tu.

La pili linatoka kwa wapenzi wa usanifu, na mimi ni mmoja wao: tukiandika esanse na buji, tunahalalisha uchafu. Nauliza: petroli ya pwani, oili na kabureta vilizaliwa wapi? Vilitoka Kiingereza kwa njia ileile ambayo vyetu vilitoka Kifaransa. BAKITA ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1967, ina kazi yake na naiheshimu. Tena tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tunayo sababu zaidi ya kujua maneno ya Dar es Salaam, maana vipuri navyo hupita huko. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kuyapanga badala ya yetu bila kumwonya msomaji ni jambo jingine. Mfano wa petroli unatosha.

La tatu: pikipiki ya mapigo mawili inakufa. Ni kweli kwamba bamotari wetu leo wengi wanabeba watu kwa pikipiki za mapigo manne kutoka India na China. Lakini sheria ya mchanganyiko haiishi kwenye pikipiki peke yake. Ni ileile kwa jenereta ndogo zinazolia usiku umeme ukikatika, kwa misumeno ya injini inayopasua mbao msituni, na kwa injini nyingi za mitumbwi ziwani Kivu. Anayeshikwa na injini katikati ya ziwa ana shida kubwa kuliko aliyekwama Nyawera.

Basi napendekeza kazi yenye mipaka. Kitivo kiruhusu kazi za mwisho wa mzunguko zifanyike gerejini, na wanafunzi wachache waandike kijitabu kimoja cha kutunza injini ya mapigo mawili. Kila kitu kitajwe kwanza kwa jina la Bukavu, kisha jina la pwani, kisha la Kifaransa, pamoja na mchoro. Vipimo viandikwe kwa mililita na lita, visiandikwe kwa vifuniko. Maneno yanayodanganya kati ya Bukavu na pwani, kama petroli na mbele ya, yawe na ukurasa wao wa mwanzo. Mafundi wasomewe kila ukurasa na wakosoe, na majina yao yakae juu ya jalada pamoja na yetu, si chini katika shukrani.

Na mtihani wa kijitabu usiwe wa maprofesa pekee. Apewe mtu ambaye hajawahi kushika pikipiki, asome peke yake, achanganye esanse, atoe buji na kusema rangi yake ina maana gani. Pale atakaposita, sentensi ni mbovu, hata kama upatanisho wake wa sarufi umekamilika. Tumezoea kusahihishana viambishi ngeli. Mara hii tutakayemsahihisha ni mwandishi, na msahihishaji atakuwa mtu mwenye bidoni mkononi.