Kura 400 zilivyougharimu mji mzima

HUDHANIWA mara nyingi kwamba kura ya mashinani ni jambo dogo lisilostahili kumpotezea mtu siku yake. Yaliyoupata mji mdogo wa Bell, jimboni California, Marekani, yanathibitisha kinyume.

Mnamo Novemba 2005, mji huo wa zaidi ya watu 35,000 uliandaa kura maalumu kuamua iwapo ujitungie katiba yake. Waliojitokeza hawakufika 400, na wengi wao wakaikubali. Walichokosa kutanabahi ni kwamba katiba hiyo ingewapa madiwani mwanya wa kukwepa sheria ya jimbo iliyodhibiti mishahara yao.

Mwaka wa 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji, Robert Rizzo, alilipwa karibu Dola 800,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya mshahara wa Rais wa Marekani. Madiwani wanne kati ya watano walitia kibindoni karibu Dola 100,000 kila mmoja, kwa kazi isiyo ya kutwa. Mzigo huo uliwalemea walipa ushuru ambao wengi ni wahamiaji wenye kipato cha chini. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mnamo 2014.

Ni rahisi kuwalaumu wakazi kwa kutojali. Hata hivyo, wengi hawakuwa raia, na waliokuwa na haki ya kupiga kura waliitwa vituoni kando ya uchaguzi mkuu. Mtaalamu wa siasa Sarah Anzia, katika kitabu chake cha mwaka wa 2014, anaonyesha kwamba chaguzi zikitengwa hivyo, wapigakura hupungua na makundi yenye maslahi yao hupata usemi mkubwa zaidi. Mwaka wa 2015, California ilipitisha sheria ya kuihamishia miji yenye idadi duni ya wapigakura kwenye tarehe za chaguzi za jimbo.

Kenya ilitangulia katika hilo. Katiba ya 2010 inaagiza wawakilishi wa wadi, ambao sasa ni 1,450, wachaguliwe siku moja na wabunge. Lakini dawa hiyo nayo ina uchungu wake: mgombea wa wadi humezwa na wimbi la wakubwa, na wengi humpigia kwa kutazama chama tu, mtindo maarufu kama suti. Kuna pia chaguzi ndogo, ambazo hufanyika peke yake kiti kinapobaki wazi.

Bunge la kaunti ndilo linaloidhinisha bajeti ya zahanati, masoko na barabara za mitaani. Tarehe nzuri humfikisha mwananchi kituoni, ila haimsomei jina lililo kwenye karatasi ya wadi. Asiyelichunguza, au anayebaki nyumbani siku ya uchaguzi mdogo, huwaachia wachache ufunguo wa hazina ambayo yeye mwenyewe huijaza.