Beseni la maji si kinga ya macho

Msomaji, jioni ya Novemba 3, 2013 ulikuwa wapi? Siku hiyo jua lilipatwa, na kivuli kizima cha mwezi kikapita eneo la Ziwa Turkana. Sisi wa Nairobi tuliona jua likiwa limemegwa upande mmoja tu. Iwapo ulilitazama, ulitumia nini? Nikiuliza swali hili majibu huwa yale yale: miwani ya jua, picha ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, au beseni la maji.

Ninasema wazi kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofaa. Kutia giza si sawa na kukinga. Picha ya eksirei hupunguza mwangaza unaouona, lakini miale mingine usiyoiona hupenya. Nayo maji ya beseni ni kioo tu. Jua unaloliona humo ni jua lile lile.

Yafaa ieleweke jinsi madhara hutokea. Mtoto aliyewahi kuchoma karatasi kwa lenzi atakuelewa upesi. Jicho lina lenzi yake, nayo hukusanya mwanga wa jua juu ya retina, lile pazia jembamba lililo nyuma ya jicho, hasa mahali padogo tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu. Mwanga huo huziharibu chembe za hapo. Ubaya ni kwamba retina haina neva za maumivu. Mtu huungua bila kujua, akaenda zake nyumbani akicheka, na baada ya saa kadhaa huona doa jeusi katikati ya kila anachotazama, au mistari iliyonyooka ikipinda.

Siku za kawaida jua hujilinda lenyewe, maana ukilitazama unafumba macho. Likipatwa, mwangaza hupungua, mboni hupanuka, nawe unaweza kukodoa. Lakini kile kipande kilichobaki ni kikali kama siku zote. Agosti 21, 2017, mwanamke mmoja wa New York alilitazama jua lililopatwa, na madaktari walipopiga picha ya retina yake walikuta kovu lenye umbo la mwezi mchanga, sawa na kipande cha jua alichokitazama.

Dawa? Haipo iliyothibitishwa. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, lakini wengine hubaki na doa hilo maisha. Ukiona dalili hizo baada ya kutazama jua, nenda kwa daktari wa macho, usijitilie matone ya dukani.

Nayaandika haya mapema kwa sababu mnamo Agosti 2, 2027 jua litapatwa kabisa huko Misri, Saudia na Somalia, na hapa Kenya litafunikwa sehemu. Mwaka wa 2013 ilikuwa jioni, jua limeinama. Safari hii itakuwa mchana. Tabia yetu ni kungoja hadi mkesha ndipo maonyo yatolewe redioni, na wazazi wengine huwafungia watoto ndani. Mimi sioni maana ya kumfungia mtoto. Mwacheni aone, ila kwa njia iliyo salama.

Miwani maalumu inayofaa huwa na alama ya ISO 12312-2, nayo ikikwaruzwa itupwe. Kioo cha kuchomelea vyuma kiwe namba 14. Vingi vya mafundi wetu wa jua kali ni vyepesi kuliko hicho. Asiye na pesa achukue kadibodi, aitoboe kwa sindano, alipe jua mgongo na kuacha mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Asichungulie jua kupitia tundu hilo. Hata kadibodi ikikosekana, simama chini ya mwembe utazame ardhini: kila penye upenyo kati ya majani patakuwa na jua dogo lililomegwa, mamia kwa mamia, na watoto wanaweza kuyakanyaga.