Pima Kwanza, Majani Baadaye

Stendi nyingi za mabasi hazikosi muuza dawa ya vidonda vya tumbo. Chupa ya lita moja na nusu, ndani maji ya kahawia, nje bado imebandikwa lebo ya maji ya kunywa. Jina la mti halipo, tarehe haipo. Maelekezo ni ya mdomo: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Watu wazima wenye akili zao wanainywa mwaka mzima bila kujua tumbo linaumwa nini.

Halafu tunaambiwa vidonda vya tumbo havina dawa. Vinayo. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeishi kwenye ukuta wa tumbo, Helicobacter pylori. Madaktari wenzao walipobisha kwamba bakteria huyo analeta ugonjwa, Marshall alimnywa mwenyewe, tumbo likavimba ndani kwa siku chache tu. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye chanzo kikubwa. Chanzo cha pili tunakinunua wenyewe dukani: diklofenaki, aspirini na ibuprofeni, zinazomezwa kila mgongo ukiuma. Pilipili na maharage huweza kukutonesha, ila si hivyo vilivyokianzisha kidonda.

Anayemeza diklofenaki mchana na kunywa juisi ya kabichi usiku anadeki sakafu huku bomba liko wazi.

Mimea hatuibezi. Ndizi mbichi zilipojaribiwa maabara zililinda tumbo la panya dhidi ya aspirini. Juisi ya kabichi walipewa wagonjwa wa vidonda huko Marekani, na daktari aliyewapa aliandika mwaka 1949 kwamba walipata nafuu. Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili, na Tanzania ina sheria ya tiba hiyo tangu 2002. Ila kutuliza tumbo hakumwondoi bakteria. Na si kila jani ni laini: utomvu wa njano wa mshubiri unaharisha vibaya, na anayekamua jani zima na kunywa anajiongezea ugonjwa.

Njia iko wazi, tunaikwepa tu. Nenda kapime. Kipimo cha choo kinatosha kuonyesha kama bakteria yupo, na hakuna mpira wa kumeza. Kama unatumia omeprazole, mwambie daktari mapema, kwa kuwa inabidi uiache wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya. Bakteria akionekana, utapewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Zimalize zote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku ya nne maumivu yametulia, vidonge vinawekwa kabatini, bakteria anabaki na anazoea dawa. Mwezi mmoja baada ya dozi, rudi upime tena.

Mwambie daktari kila unachokunywa, hata ile chupa ya stendi. Na mganga anayejali mteja wake amtume kupima kabla ya kumchemshia mizizi.

Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi kinachonata, usichemshe chochote. Nenda hospitali saa hiyohiyo.