Nani Kapiga Deki Juu ya Udongo?

Wenzangu waandishi, leo naomba tugombane. Juzi nimesoma muswada wa kijana mwenzetu, hadithi ya huku kwetu Karagwe. Bibi mmoja anaamka alfajiri katika nyumba yake ya udongo, anachota maji, eti "akapiga deki chumba kizima". Ukurasa wa pili bibi huyo anatandika mkeka, anajinyoosha. Jamani! Pale chini si pameshakuwa matope? Bibi kalala kwenye jaruba!

Nilipomuuliza, akanijibu bila haya kwamba sentensi ile aliiwaza kwanza kwa Kiingereza. Ndipo penyewe! Shuleni tulikaririshwa kuwa "sweep" ni kufagia kukavu, "mop" ni kupitisha tambara lenye maji, "scrub" ni kusugua kwa brashi na nguvu. Tukatiwa vema, tukafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba maneno hayo yana sakafu zao. "Mop" inataka saruji, mbao au vigae, kitu kinachovumilia maji. Hata hilo deki letu tunalolitambia limetoka melini: "deck" ya Waingereza ni sakafu ya chombo, na walioiosha ni mabaharia. Leo limepanda hadi Kayanga na Nkwenda, mbali kabisa na bahari. Silikatai. Nyumba ya saruji ipigwe deki, tena ya nguvu. Lakini lisiingie kila mlango bila hodi.

Darasani kwetu msichana mmoja, wa upande ule ambao tangu 2012 ni Wilaya ya Kyerwa, alinyoosha kidole. Akauliza: kile anachofanya mama kwa kinyesi cha ng'ombe, Kiingereza chake ni kipi? Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Binti yule hakuuliza tena swali muhula mzima. Nami nilicheka, ilhali sakafu ya kwetu ilikuwa ileile.

Namjibu leo, ingawa nimechelewa. Kiingereza kitazunguka maneno manne matano kulisema. Kiswahili kinalo moja: kusiriba. Kinyesi kibichi kinachanganywa na maji na udongo, unapaka kwa kiganja, unaanzia pembe ya ndani na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, usije ukakanyaga kazi yako mwenyewe. Nyufa zinazibwa, vumbi linashikwa. Kikishakauka, siku nyingine unanyunyiza maji kidogo tu, ndipo unafagia. Na kunyunyiza nako si deki! Tena katika misonge ya zamani, ambako chini palitandikwa majani, usafi ulikuwa kuyatoa yaliyochakaa na kutandaza mapya. Hapo "mop" ingeingilia wapi?

Najua wajuaji watasema natetea umaskini, kwamba vigae vinakuja. Vije! Mie mwenyewe navitaka. Lakini anayeandika "alisafisha nyumba" kila mahali, basi, kaishia hapo, anamfuta mwanamke aliyepinda mgongo tangu alfajiri. Hatujui alishika nini, wala mikono ilinuka nini, wala kwa nini watoto walikatazwa kuingia mpaka jua litoke.

Muswada nimeurudisha. Pembeni nimemwandikia: nenda kwa bibi yako, omba ndoo, siriba chumba kimoja, halafu uniletee ukurasa huo upya.