Mabaki ya Mkonge Yasitupwe Kabla ya Kupimwa

Richard Hindorf aliuleta mkonge pwani ya Tanga mwaka 1893. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za singa kwa mwaka, na Korogwe ilikuwa miongoni mwa mihimili ya uzalishaji huo. Hata hivyo, jani la mkonge likipita kwenye korona, singa haizidi asilimia 5 ya uzito wake. Kilichosalia, yaani nyama ya jani na maji yake, kwa kawaida hutupwa, na kikifika mtoni hula oksijeni ya viumbe wa majini.

Hale, wilayani Korogwe, mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo ulizinduliwa mwaka 2008. Ulituonesha kwamba taka ni jina tunalolipa kitu kabla ya kukijua. Leo kemia inatupa matumizi mengine. Selulosi na lignini zilizomo katika mabaki ya mimea, kama vile singa fupi, makumbi ya nazi na pumba za mpunga, hunasa chembe za metali zilizoyeyuka majini. Zikioshwa kwa asidi hafifu, metali huachia na chujio hutumika tena. Katika maabara njia hii imenasa hata madini adimu kama neodimi, inayotengeneza sumaku za magari ya umeme.

Msomaji atauliza: Korogwe na Handeni zina uhusiano gani na madini adimu? Ni kweli kwamba hazina mgodi wake. Hazina yetu kubwa iko Ngualla, mkoani Songwe, ambako serikali ilisaini mkataba Aprili 2023 kwa hisa za asilimia 16. Lakini Handeni ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wachimbaji wadogo nchini hutumia zebaki. Wilaya hiyo yenye kiu hupata maji ya Mto Pangani kupitia mradi wa HTM, yakichotwa upande wa Korogwe. Anayechafua mto juu humnywesha jirani yake chini.

Ndiyo maana nashauri tuanzie hapa. Vyuo vyetu vipime mabaki ya Korogwe kwa maji ya machimbo ya Handeni, kisha maarifa hayo yaisubiri Ngualla. Tusijidanganye: chujio hili halinasi matone ya zebaki yenyewe, wala haliwi kibali cha kuendelea kuitumia, kwani tuliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Aidha, chujio lililoshiba sumu ni taka hatari. Lisipohifadhiwa vyema, tutakuwa tumeihamisha sumu kutoka mtoni hadi shambani.

Lipo pia suala la haki. Wakulima wa vyama vya ushirika vya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi hulipwa kwa singa. Siku mabaki yatakapopata bei, ni nani atakayekuwa mwenye mali? Jibu likisubiri mwekezaji, litaandikwa na mwekezaji. Bodi ya Mkonge na vyama hivyo vikubaliane mapema kwamba jani lote ni la mkulima, singa na mabaki pia.

Tuliuza singa ghafi kwa miongo mingi huku faida ikisokotwa kwingine. Tusiyarudie hayo kwa kile tulichokuwa tukikitupa.